Kwetu si Mgodi: Fahari ya Nyumbani katika Milima ya Makaa

Mswahili akiulizwa alikozaliwa, hasemi "kwangu", husema "kwetu". Hata aliyezaliwa peke yake, asiye na kaka wala dada, hasemi vinginevyo. "Kwangu" ni chumba ambacho mtu amekodi mjini, na kodi ikichelewa mwenye nyumba huja na kufuli yake. "Kwetu" ni mahali ambapo mtu hafukuzwi, kwa kuwa hakupapata kwa fedha. Neno hili dogo hubeba jiko la mama, makaburi ya mababu, kijiji, kaunti na hata taifa zima bila kubadilika umbo. Wala halikubali umoja: fahari ya kwao ni fahari ya watu wengi kwa pamoja.

Katika makala haya ninakusudia kulitumia neno hilo kuwatazama watu walio mbali nasi, yaani wenyeji wa jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambao wameishi juu ya makaa ya mawe kwa vizazi vingi. Huenda msomaji akauliza: jarida la Kiswahili lina uhusiano gani na wachimbaji wa makaa wa Marekani? Jibu ni kwamba swali lililowakabili wao limekwisha kupiga hodi hapa nchini, katika Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui, nami nitalirejelea baadaye. Hoja yangu ni hii: fahari ya watu wa West Virginia kwa jimbo lao ililelewa nyumbani, na familia, aghalabu kwa kushindana na mgodi. Kwa hivyo hukosea wale wanaodhani kwamba kuwapenda watu hao ni kuyapenda makaa, na hukosea vilevile wale wanaodhani kwamba kuyapinga makaa ni kuwapinga watu hao.

Jimbo lililozaliwa vitani

West Virginia ilijitenga na Virginia wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ikawa jimbo kamili tarehe 20 Juni 1863. Hadi leo tarehe hiyo ni sikukuu ya jimbo. Kaulimbiu yake, iliyoandikwa kwa Kilatini, hutangaza kwamba watu wa milimani ni huru daima. Ni kaulimbiu tamu, ila historia iliifanyia kejeli. Miongo michache baadaye reli ilipenya mabondeni, wakaja wenye mitaji kutoka miji ya mbali, wakanunua haki ya madini yaliyo chini ya mashamba, mara nyingi kwa bei ya kutupa, mwenye shamba akaachiwa udongo wa juu tu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko mgeni alikuja, na mwenyeji akageuka kibarua juu ya ardhi ya babu yake.

Isitoshe, mwenyeji huyo alifanywa kichekesho. Kwa miaka mingi magazeti, filamu na vipindi vya runinga vya Marekani vilimchora mtu wa milima ya Appalachia kuwa mjinga asiyevaa viatu, mlevi wa pombe haramu, mwenye lafudhi ya kuchekwa. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa. Sote tumeona jinsi lafudhi ya mtu inavyogeuzwa mzaha katika vichekesho vya runinga, na jinsi kijana atokaye mashambani anavyojifunza upesi kuficha kwao anapofika chuoni. Wenyeji wa West Virginia walichagua njia nyingine. Walikitangaza walichochekewa. Utaiona ramani ya jimbo lao kwenye fulana, kwenye vikombe na kwenye vioo vya magari. Utaziona rangi za chuo kikuu chao, dhahabu na buluu, zikipepea kwenye baraza za nyumba ambazo hakuna hata mmoja ndani yake aliyewahi kusoma chuoni humo. Fahari hiyo si majivuno ya mtu aliyeshiba. Ni jibu la mtu aliyedharauliwa.

Nyumba ya kampuni, jiko la mama

Mwanzoni mwa karne ya 20 familia nyingi za wachimbaji ziliishi katika vitongoji vilivyojengwa na kumilikiwa na kampuni za makaa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na duka lilikuwa la kampuni. Daktari alilipwa kwa fedha zilizokatwa kwenye mshahara wa mchimbaji. Mahali pengi mshahara wenyewe ulitolewa kwa sarafu za kampuni, ambazo thamani yake iliishia kwenye mlango wa duka hilohilo. Mchimbaji akifa au akigoma, jamaa zake walitakiwa kuhama. Katika migomo mikubwa ya 1912 na 1920 familia zilitolewa nje pamoja na vyombo vyao, zikaishi kwenye mahema katika baridi ya milimani. Kwa lugha yetu, watu hao walipewa "kwangu" ya kukodi. "Kwetu" hawakupewa na mtu. Iliwabidi waijenge wenyewe.

Waliijenga kwa vitu vidogo vya kila siku. Mke alilima mboga kwenye mteremko nyuma ya nyumba, akafuga kuku na nguruwe, akahifadhi mavuno ndani ya chupa za kioo ili familia ivuke majira ya baridi bila kuongeza deni dukani. Chakula cha siku nyingi kilikuwa maharagwe na mkate wa unga wa mahindi, chakula ambacho mtu wa Machakos au Kakamega angekitambua bila kufasiriwa. Theluji ilipoyeyuka, watu walipanda msituni kuchimba vitunguu mwitu vyenye harufu kali, na hadi leo makanisa na vikosi vya kujitolea vya wazimamoto huandaa karamu za vitunguu hivyo ili kuchangisha fedha. Nguo zilizoanikwa zilipata weusi wa vumbi la makaa kabla hazijakauka, zikafuliwa upya. Kabla mabafu hayajajengwa migodini, mume alirudi mweusi tititi, akaoga katika karai jikoni, kwa maji yaliyochemshwa kwa makaa yaleyale aliyoyachimba.

Tuutazame pia mkebe wa chakula wa mchimbaji. Ulikuwa wa chuma chepesi, wa mviringo, wenye sehemu mbili au tatu zilizopandana. Sehemu ya chini ilijazwa maji na ya juu ikatiwa chakula. Maji yalikuwa mengi kwa sababu paa la mgodi likiporomoka, hayo ndiyo yangemweka mtu hai mpaka waokoaji wamfikie. Watoto wengi wa wachimbaji wamesimulia ukubwani jinsi walivyokuwa wakimngojea baba njiani jioni ili wapate kipande cha keki au tunda alilobakiza makusudi. Mama aliujaza mkebe akijua kwamba huenda usirudi; baba alibakiza chakula ndani yake ili mtoto ajue kwamba umerudi. Hayo yalitendeka kila siku ya kazi, pasipo hotuba wala bendera. Hapo ndipo ninapoona mzizi wa fahari ninayoizungumzia.

Nyumba hizo hazikuwa za kabila moja. Waliingia Waitaliano, Wahungari, Wapolandi, na Waamerika weusi waliotoka majimbo ya kusini. Ubaguzi ulikuwapo, na shule za watoto weusi zilitengwa na za weupe kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, ujirani uliacha alama zake. Mnamo 1927 mwokaji wa Kiitaliano, Giuseppe Argiro, katika mji wa Fairmont, alianza kuuza mkate uliookwa pamoja na soseji kali ndani yake, chakula ambacho mchimbaji angeweza kukila kwa mkono mmoja bila kukipasha moto. Leo mkate huo ni kitambulisho cha jimbo zima. Wazawa wa Waskoti huudai kuwa wao kama wazawa wa Waitaliano. Kadhalika mwimbaji Bill Withers, Mwamerika mweusi aliyezaliwa 1938 katika kitongoji cha makaa cha Slab Fork, alitoa mwaka 1972 wimbo "Lean on Me", unaohimiza watu kutegemeana, akichota katika maisha ya kitongoji hicho. Wimbo huo umeimbwa sana hata katika shule na makanisa ya Kenya, na ni wachache miongoni mwa waimbaji wanaofahamu kwamba chimbuko lake ni kijiji cha wachimbaji.

Sikukuu mbili za mwaka 1908

Kuna jambo jingine ambalo Wakenya wengi huliadhimisha bila kujua asili yake. Kila mwezi wa Mei redio zetu hujaa salamu za Siku ya Akina Mama, na kila Juni hufuata salamu za Siku ya Akina Baba. Ibada ya kwanza ya Siku ya Akina Mama ilifanyika tarehe 10 Mei 1908 katika kanisa la Kimethodisti mjini Grafton, West Virginia, kwa juhudi za Anna Jarvis. Alitaka kumkumbuka mamake, Ann Reeves Jarvis, mwanamke aliyezika watoto wake wengi kwa maradhi na ambaye, kwa uchungu huo, aliunda vyama vya akina mama vya kufunza usafi na kuwauguza wagonjwa. Vita vilipozuka, vyama hivyo viliwahudumia askari wa pande zote mbili. Mnamo 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza siku hiyo kuwa ya taifa zima. Anna Jarvis mwenyewe alitumia miaka yake ya uzeeni kuwapinga wafanyabiashara wa maua na kadi walioigeuza kuwa soko.

Siku ya Akina Baba ina historia nzito zaidi. Tarehe 6 Desemba 1907 migodi miwili ya Monongah, karibu na Fairmont, ililipuka. Kwa hesabu rasmi walikufa watu 362, na hadi leo ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya migodi ya Marekani. Wengi wa waliokufa walikuwa wahamiaji, na mamia ya watoto walibaki bila baba. Mkazi mmoja wa Fairmont, Grace Golden Clayton, alimwomba mchungaji wake aandae ibada ya kuwaenzi akina baba. Ibada hiyo ilifanyika tarehe 5 Julai 1908. Haikutangazwa sana na haikurudiwa, hata sifa ya kuianzisha siku hiyo aghalabu hupewa Sonora Dodd wa jimbo la Washington, aliyeiadhimisha mwaka 1910.

Sidhani kwamba ni sadfa tupu ibada hizo mbili kufanyika katika miji jirani, mwaka mmoja. Mahali ambapo uhai wa baba hauna hakika, na ambapo mama ndiye nguzo inayobaki, watu hujifunza mapema kuhesabu thamani ya wazazi. Jimbo hilo liliipa dunia makaa yaliyoyeyusha chuma na kuendesha meli. Makaa hayo yamekwisha kuwa moshi na majivu. Lililobaki, lililovuka bahari hadi Nairobi na Kisumu, ni hilo lililotoka nyumbani.

Fahari inapokopwa

Mali yenye thamani haikosi wa kuitamani. Mnamo 2002 chama cha wenye migodi wa West Virginia kilianzisha kampeni iliyojiita "Marafiki wa Makaa". Vibandiko vyake vilienea kwenye magari. Kuanzia 2006 mechi ya kandanda ya Kimarekani kati ya vyuo vikuu viwili vikubwa vya jimbo ilichezwa kwa miaka kadhaa chini ya jina la kampeni hiyo. Ujumbe ulikuwa wazi: anayelipenda jimbo hili huyapenda makaa, na anayeyauliza makaa maswali ni adui wa nyumbani. Kila mwamba ngoma huivutia kwake, na kampuni ina haki ya kujitangaza. Lakini pana tofauti kati ya kujitangaza na kuazima jina la nyumba ya watu bila idhini.

Historia inaukanusha ujumbe huo. Mwaka 1921 wachimbaji wapatao 10,000, wengi wao wakiwa wamefunga vitambaa vyekundu shingoni, walipanda Mlima Blair wakiwa na bunduki, wakidai haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Walipambana na jeshi la sherifu aliyeungwa mkono na kampuni, mpaka serikali ya Marekani ikatuma askari wake. Hao hawakuwa maadui wa West Virginia. Walikuwa wana wake. Riwaya ya Denise Giardina, Storming Heaven, iliyochapishwa 1987, inayasimulia mapambano hayo kwa sauti za wasimulizi wanne, na miongoni mwao yumo mama mhamiaji wa Kiitaliano. Mwandishi huyo alikulia katika kambi ya makaa ya Kaunti ya McDowell. Mhakiki wa fasihi hatakosa kuona kwamba kwake vita havikuanzia mlimani bali ndani ya nyumba, mahali ambapo mama huhesabu wanawe.

Tuchukue mfano mwingine. Tarehe 26 Februari 1972, asubuhi, bwawa la tope la makaa lilipasuka juu ya bonde la Buffalo Creek. Watu 125 walikufa na maelfu wakabaki bila makao. Kampuni iliyolimiliki bwawa hilo ilidai kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mungu. Waathiriwa, wengi wao wachaji Mungu, walikasirishwa kwa kusingiziwa Muumba wao. Mwanasosholojia Kai Erikson, katika kitabu chake Everything in Its Path cha 1976, alieleza kwamba manusura hawakuomboleza wafu wao na nyumba zao tu. Waliombolezea ujirani: kuingia kwa jirani bila kubisha, kujua ni taa ya nani imechelewa kuzimwa. Serikali iliwapa makao ya muda bila kuwapanga kwa ujirani wao wa zamani, basi msiba ukazaa msiba. Walikuwa wamepewa pa kulala, lakini "kwetu" ilikuwa imesombwa na tope.

Labda anayefafanua hoja yangu kuliko wote ni Judy Bonds. Alikuwa binti na mjukuu wa wachimbaji, mwenyeji wa bonde la Marfork, mama aliyefanya kazi katika mkahawa. Siku moja mjukuu wake alisimama kijitoni akiwa ameshika samaki waliokufa. Kampuni zilikuwa zimeanza kulipua vilele vya milima kwa baruti, kisha kifusi kikamwagwa mabondeni. Bi. Bonds aliacha kazi, akaongoza upinzani, akatukanwa na hata kupigwa na baadhi ya majirani waliohofia ajira zao. Mnamo 2003 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, tuzo ileile ambayo Wangari Maathai wetu aliipokea mwaka 1991. Alifariki Januari 2011. Je, nani alilipenda jimbo lile zaidi: huyo bibi aliyeutetea mlima, au kibandiko cha gari?

Wanaoyatetea makaa nao wasikizwe

Haki inataka tusikize upande wa pili. Makaa yalisomesha watoto. Chama cha wafanyakazi kilipopata nguvu, mshahara wa mchimbaji ulimwezesha mtu asiye na shahada kununua nyumba na kustaafu kwa heshima. Homer Hickam, katika kitabu chake Rocket Boys cha 1998, anasimulia utoto wake huko Coalwood, ambapo babake aliusimamia mgodi na kuupenda kwa dhati. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, mwana akaanza kuunda roketi na wenzake. Mafundi wa karakana ya mgodi wakawachongea vyuma, na wanakijiji wakatoka kuzitazama zikiruka. Mtu aliyekulia katika ukarimu kama huo hawezi kuambiwa kwamba mgodi ulikuwa jehanamu tupu.

Nakubali hayo yote. Ila tuone waliofanya nini. Mafundi ndio waliochonga vyuma, na majirani ndio waliotoka kutazama. Makaa hayakufanya lolote ila kuwaka. Mgodi wa Coalwood ulikwisha kufungwa, lakini mapenzi ya watu kwa kijiji hicho hayakufungwa nao. Zaidi ya hayo, bei ya mshahara ule ililipwa kwa mapafu. Mgomo wa maelfu ya wachimbaji wa West Virginia mwaka 1969, uliotokea miezi michache baada ya watu 78 kufia katika mgodi wa Farmington, ndio uliosaidia kuleta sheria ya kitaifa ya afya na usalama migodini mwaka huohuo. Hata hivyo, ugonjwa wa mapafu meusi umerudi: utafiti wa serikali uliochapishwa 2018 uligundua kwamba katika eneo la Appalachia ya kati, mmoja kati ya wachimbaji watano waliofanya kazi kwa miaka 25 au zaidi ana ugonjwa huo. Tabaka nene za makaa zimekwisha, sasa mashine hukata mwamba pamoja na makaa, na vumbi la mwamba huo ni kali zaidi.

Wala ajira yenyewe haikutimiza ahadi. Mashine zilichukua nafasi za watu hata pale makaa yalipozidi kuchimbwa. Katika sensa ya 1950 West Virginia ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2. Mwaka 2020 ilikuwa na takriban milioni 1.79. Kaunti ya McDowell, iliyokuwa na karibu watu 99,000 mwaka 1950, ilibaki na takriban 19,000 mwaka 2020. Waliohama walielekea viwandani Ohio na Michigan. Hata hivyo, walirudi mwisho wa juma, walirudi kupalilia makaburi ya jamaa zao, walirudi kuzikwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hapa ndipo unapoeleweka wimbo "Take Me Home, Country Roads" wa 1971, ambao John Denver aliutunga pamoja na Bill Danoff na Taffy Nivert. Wanajiografia huwacheka watunzi hao kwa sababu baadhi ya mandhari waliyoyataja yanapatikana zaidi katika jimbo jirani la Virginia. Wenyeji hawakujali. Waliuchukua, na mwaka 2014 ukafanywa rasmi kuwa mmojawapo wa nyimbo za jimbo. Toots and the Maytals waliuhamishia Jamaika. Kwetu Kenya, ambapo muziki wa aina hiyo una wapenzi kuanzia Eldoret hadi Murang'a, abiria wa matatu huuimba akiwaza kijiji chake mwenyewe. Wimbo huo hausifu makaa kama mali. Unasifu njia ya kurudi nyumbani.

Zamu yetu

Sasa turejee Mui. Makaa ya mawe yamegunduliwa katika bonde hilo la Kitui, na mwaka 2013 mkataba wa uchimbaji ulitiwa sahihi kati ya serikali na kampuni ya kigeni. Tangu hapo wakazi wamejiuliza: je, nijenge nyumba ya kudumu? Nipande miembe? Nimzike baba hapa au nisubiri? Huko Lamu nako kulipangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira iliibatilisha leseni yake, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisemi hapa kama makaa ya Kitui yachimbwe au yaachwe. Wahandisi, wanauchumi na wakazi wenyewe wana maneno ya kusema juu ya hilo. Ninalosema ni kwamba West Virginia imetuonyesha kinachopotea pale watu wanapoingia katika mapatano bila kutaja mali yao yote.

Mthamini wa ardhi anajua kuhesabu ekari, mabati na miti ya matunda. Hajui kuhesabu jirani anayeingia bila hodi, wala muthokoi uliopikwa katika sufuria moja kwa ajili ya nyumba tatu, wala kaburi ambalo watoto huonyeshwa na kuambiwa, "Huyu ndiye uliyerithi jina lake." Hayo hayaingii katika fomu ya fidia kwa sababu hayajaandikwa popote. Na yasiyoandikwa ni rahisi kukopwa na kila mwenye bango: leo kampuni, kesho mwanasiasa atakayekuja kuwaambia watu wa Mui kwamba kuyapenda makaa ndiko kuipenda Kitui. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi hiyo ni ya nani basi, ikiwa si ya wanafunzi wa lugha na fasihi? Wachimbaji wa West Virginia walipata watu wa kurekodi masimulizi yao, nyimbo zao na hata majina ya vyakula vyao. Ndiyo maana tunaweza kuujadili mkebe wa chakula tukiwa umbali wa bahari mbili. Sisi hutumwa kila mwaka kukusanya fasihi simulizi, nasi hurudi na ngano za sungura na fisi. Hizo ni urithi wetu na tusiziache. Lakini tukusanye pia masimulizi ya jikoni: jinsi mama wa Mui anavyogawa maji wakati wa kiangazi, maneno ambayo baba husema anapoondoka alfajiri kutafuta kibarua, majina ya vijito na vilima ambayo hayamo katika ramani yoyote. Tuyaandike kwa Kikamba kama yalivyosemwa, na kwa Kiswahili ili Wakenya wote wayasome. Tukifanya hivyo mapema, siku mkataba mwingine utakapowekwa mezani, wenyeji watakuwa na maandishi yao ya kuweka kando yake.

Chama chetu kina wanachama wanaotoka Kitui, na likizo ndefu i karibu. Ninapendekeza kwamba wao ndio waanze.